Polisi Asipokuja, Sheria Humshika Nani?



Miongoni mwa maswali ambayo wazazi wa jumuiya yetu huniuliza mara kwa mara, kwa kudhani kwamba aliyewahi kusimama mbele ya ubao anajua kila kitu, lipo moja ambalo jibu lake si fupi wala si la kupendeza. Swali lenyewe ni hili: mtu akipiga 999, akaeleza kwamba anatishiwa maisha yake, na polisi wasije, au wakaja wakati mambo yamekwisha kuharibika, je, yeye au warithi wake wanaweza kuwafikisha polisi mahakamani na kudai fidia? Kwa watu kama sisi swali hili si la darasani. Wapo kati yetu waliovunjiwa vioo vya madirisha mara tatu, wakaandikiwa namba ya tukio mara tatu, na hapo habari ikaishia. Wapo akina mama walioomba msaada usiku na kujibiwa kwamba atatumwa mtu, kisha wakangoja mpaka alfajiri.

Mimi si wakili. Niliyoyaandika hapa nimeyatoa katika hukumu zenyewe, ambazo ziko wazi kwa kila mwenye subira ya kuzisoma, na yanahusu Uingereza na Wales. Waskoti wana mahakama zao na taratibu zao.

Ili kuielewa sheria ya Kiingereza katika jambo hili, ni lazima kwanza tutenganishe kutenda vibaya na kuacha kutenda. Polisi anayemdhuru mtu kwa mkono wake hushitakiwa kama mtu mwingine yeyote. Mwezi wa Julai 2008, katika mji wa Huddersfield, askari walikuwa wakimkamata muuza dawa za kulevya katikati ya barabara yenye watu. Katika vuta nikuvute hiyo wakamgonga na kumwangukia bibi mmoja wa miaka 76 aliyekuwa akipita zake. Tarehe 8 Februari 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba polisi walikuwa na wajibu wa kumwangalia bibi huyo wasimdhuru, na kwamba walikuwa wazembe. Anayedaiwa katika kesi kama hizi si askari mwenyewe. Ni mkuu wa polisi wa eneo lile, maana Sheria ya Polisi ya 1996 humfanya awajibike kwa makosa ya askari wake wakiwa kazini.

Lakini polisi aliyekaa kitini asifanye lolote, mambo yake ni mengine. Sheria ya Kiingereza, tangu zamani, haimlazimishi mtu kumwokoa mwenziwe na madhara yanayoletwa na mtu wa tatu. Mpita njia anaweza kumtazama mtoto wa watu akizama katika bwawa, akaendelea na safari yake, na hakuna mahakama ya madai itakayomdai senti. Wazee waliokulia katika mitaa yetu ya pwani hushangaa sana wakisikia hivi. Kwetu mtu akipiga ukelele usiku, asiyetoka nje huulizwa asubuhi alikuwa wapi. Hapa jirani hana deni hilo. Na majaji wameshikilia kwamba, katika madai ya uzembe, polisi naye asiyefanya kitu apimwe kwa kipimo kile kile cha mpita njia. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Kesi iliyojenga ukuta huu ni ya mwaka 1988. Kati ya 1975 na 1980 Peter Sutcliffe aliwaua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza. Wa mwisho wao alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Leeds, mwenye umri wa miaka 20, aliyeuawa mwezi wa Novemba 1980. Ilipokuja kudhihirika, polisi walikuwa wamekwisha kumhoji Sutcliffe mara tisa na kumwacha aende zake. Walikuwa wamepotezwa na barua na kanda ya sauti ya mtu mzushi aliyejidai kuwa ndiye muuaji, wakawa wanamtafuta mtu mwenye lafudhi fulani, na Sutcliffe hakuwa nayo. Mama wa marehemu akamshitaki Mkuu wa Polisi wa West Yorkshire kwa uzembe.

Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, liliitupa kesi hiyo kabla ya ushahidi kusikilizwa. Lilitoa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba binti huyo hakuwa na uhusiano wowote wa pekee na polisi. Alikuwa mmoja tu kati ya maelfu ya wanawake waliokuwa hatarini. Ya pili, kwamba kuwaruhusu watu kuwashitaki polisi kwa namna wanavyochunguza uhalifu kutawafanya askari wafanye kazi kwa woga, wakijikinga wao badala ya kuwakinga raia, na kutawatoa kazini ili wakajibu kesi. Sababu ya kwanza naielewa, hata kama inauma. Ya pili sikuwahi kuikubali, na nitaeleza mbele kwa nini.

Sasa nije kwenye kesi inayonigusa kuliko zote, kwa sababu ilianzia shuleni, na kwa sababu familia iliyopatwa ilikuwa na jina kama yetu. Ni kesi ya Osman. Mama wa nyumba hiyo alizaliwa kisiwa cha Saiprasi. Walikuwa wakiishi mashariki mwa London, na mtoto wao alikuwa akisoma katika shule moja ya Hackney. Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa shule ile alianza kumganda kijana huyo kwa namna isiyo ya kawaida. Akampiga picha, akampa fedha, akamfuata njiani akirudi nyumbani, akamwonea wivu rafiki yake na kumzushia maneno machafu. Kisha akaenda kubadilisha jina lake kisheria na kujiita kwa jina la ukoo wa mtoto yule. Ndugu msomaji, nimefundisha miaka mingi. Mwalimu anayejipa jina la mwanafunzi wake si mwalimu tena, na asiyeliona hilo hana macho.

Mwalimu mkuu aliwapasha habari polisi mwezi wa Machi 1987, na mwalimu yule baadaye akasimamishwa kazi. Lakini mambo hayakusimama. Jiwe likatupwa dirishani kwa familia ya Osman. Magurudumu ya gari la baba yakatobolewa. Kioo cha gari kikavunjwa. Kila mara polisi waliarifiwa. Mwezi wa Desemba mwalimu yule aligonga kwa gari lake gari alimokuwamo yule rafiki wa kijana, na ikaripotiwa kwamba amesema hajali, kwani baada ya miezi michache atakuwa anatumikia kifungo cha maisha. Polisi walikwenda kumkamata wakati huo wa Desemba, hawakumkuta, naye akatoweka.

Tarehe 7 Machi 1988 alikwenda kwa familia hiyo na bunduki ya kuiba. Akamuua baba na kumjeruhi vibaya mtoto. Kutoka hapo akaendesha gari mpaka nyumbani kwa naibu wa mwalimu mkuu, akamjeruhi naye, akamuua mwanawe. Alipokamatwa aliwauliza polisi kwa nini hawakumzuia mapema, ilhali dalili zote aliwapa. Swali la muuaji likawa swali la wajane.

Mama na mtoto wake wakaenda mahakamani. Mwezi wa Oktoba 1992 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba huenda palikuwa na uhusiano wa karibu baina ya familia hii na polisi, kwa vile polisi walikuwa wakiwajua kwa majina, lakini ikaifuta kesi kwa hoja ile ile ya 1988: polisi wasisumbuliwe. Hakuna shahidi aliyeitwa. Hakuna askari aliyeulizwa alifanya nini siku gani. Familia ikapeleka malalamiko yake Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo ikatoa hukumu tarehe 28 Oktoba 1998.

Hukumu hiyo ina sura mbili. Kwanza, kwa kura 17 dhidi ya 3, majaji walisema haki ya kuishi haikuvunjwa, maana haikuthibitika kwamba wakati wowote kabla ya siku ile polisi walijua, au walipaswa kujua, kwamba maisha ya familia yako katika hatari ya kweli na ya karibu. Mimi naona kura zile tatu ndizo zilizokuwa na uzito, lakini mimi si jaji. Pili, kwa kauli moja, walisema Uingereza ilikosea kuifunga milango ya mahakama bila ya kuisikiliza kesi, na mama na mtoto wakapewa pauni 10,000 kila mmoja.

Faida kubwa iliyobaki kwa watu wote ni kipimo walichokiweka katika sehemu ile ya kwanza. Dola inavunja haki ya kuishi ikiwa polisi walijua, au walipaswa kujua wakati ule, kwamba mtu fulani anayejulikana yuko katika hatari ya kweli na ya karibu ya kuuawa na mtu mwingine, na wakashindwa kuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wao ambazo, kwa kadiri ya busara, zingetazamiwa kuiepusha hatari hiyo. Naomba msomaji akisome kipimo hiki mara mbili. Tutakirudia.

Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Binadamu mwaka huo huo wa 1998, nayo ikaanza kutumika tarehe 2 Oktoba 2000. Tangu siku hiyo mtu ana njia mbili za kuwadai polisi walioacha kutenda. Njia ya zamani ni ya uzembe, na bado ina ukuta. Njia mpya ni ya haki za binadamu: ina mlango, lakini mlango mwembamba.

Ukuta ule umegongwa mara nyingi. Duwayne Brooks, kijana aliyekuwa pamoja na Stephen Lawrence usiku ule wa tarehe 22 Aprili 1993 huko Eltham, alidai kwamba polisi walimtendea kama mshukiwa badala ya kumtendea kama shahidi na mwathirika. Ripoti ya Jaji Macpherson ya Februari 1999 ilikuwa imekwisha kusema kwamba katika jeshi la polisi la London umo ubaguzi wa rangi uliojengeka katika taasisi yenyewe. Hata hivyo, mwaka 2005 Malodi waliamua kwamba polisi hawakuwa na deni la uangalifu kwake katika madai ya uzembe. Mwaka 2008 ikaja kesi ya mtu wa Sussex aliyewaonyesha polisi kwamba anatumiwa vitisho vya kuuawa na aliyekuwa mwenzake. Wakamjua mtishaji, wasiyaandike yale maneno. Mwisho akapigwa nyundo na kujeruhiwa vibaya. Malodi wanne wakasema hapana. Wa tano, Lord Bingham, akasema kwamba raia akimpa askari ushahidi unaoaminika kuwa mtu anayejulikana, na anakopatikana kunajulikana, anatishia kwa dhahiri maisha au mwili wa mtu, na tishio hilo liko karibu kutekelezwa, basi askari huyo ana deni la kulipima tishio hilo na kuchukua hatua za busara. Sijaona lililo la kuogofya katika maneno hayo. Lakini hukumu hufuata wingi.

Usiku wa tarehe 5 Agosti 2009, saa nane na dakika 29, mama mmoja kijana wa Cardiff mwenye watoto wawili wadogo alipiga 999 kwa simu ya mkononi. Simu ikapokelewa kwa bahati mbaya na polisi wa eneo la jirani, Gwent. Akaeleza kwamba aliyekuwa rafiki yake wa kiume amemkuta na mtu mwingine, amemng'ata sikio, ameondoka kwa gari na yule mtu, na amesema atarudi kumuua. Mpokea simu alisema baadaye kwamba yeye alisikia atarudi kumpiga. Wanaojua Kiingereza wataona kwamba maneno hayo mawili katika lugha hiyo ni ya silabi moja moja, yenye irabu ile ile katikati. Mtu anayetetemeka akiyasema upesi, sikio la mbali huweza kuyachanganya. Gwent waliipa simu ile daraja la kwanza, yaani afike askari kwa dakika tano. Walipoipasha polisi wa South Wales, wenye eneo lao, habari haikubeba tishio la kuua, na huko ikashushwa kuwa daraja la pili, dakika 60. Saa nane na dakika 43 mama yule akapiga tena, akasikika akipiga kelele. Askari walifika saa nane na dakika 51. Alikuwa amekwisha kufa kwa kisu.

Tarehe 28 Januari 2015 Mahakama ya Juu iligawanyika watano kwa wawili. Watano walisema hakuna deni la uzembe. Sheria haimwajibishi mtu kwa madhara ya mtu wa tatu, na fedha za fidia zitatoka katika mfuko ule ule unaolipia ulinzi wa watu wote. Mpokea simu alikuwa amemwambia mama huyo kwamba atawapasha polisi wa Cardiff na kwamba aiache simu yake wazi; wazazi wa marehemu walisema hiyo ni ahadi. Majaji wakajibu kwamba hakuahidiwa watafika lini. Waliopinga walikuwa Lord Kerr na Lady Hale. Lakini mahakama hiyo hiyo iliruhusu dai la haki ya kuishi, lenye kipimo kile cha Osman, liendelee kwenye ushahidi. Mtu mmoja, usiku mmoja, simu moja; mlango mmoja umefungwa na mwingine umefunguliwa.

Nilisema sikuwahi kuikubali hoja ya kwamba polisi wataharibika wakishitakiwa. Madaktari hushitakiwa kwa uzembe kila mwaka, na hospitali hazijafungwa. Sisi walimu nasi hatukusalimika. Mwaka 2000 Malodi waliamua kwamba halmashauri ya mtaa inaweza kudaiwa fidia kwa sababu mtaalamu wake wa saikolojia alishindwa kugundua kwamba mtoto ana udhaifu wa kusoma. Tulinung'unika katika vyumba vya walimu, bila shaka, lakini kesho yake tulifundisha, na nadhani tuliwatazama watoto wazito wa kusoma kwa makini zaidi kuliko jana. Sioni kwa nini kinachomfanya mwalimu awe mwangalifu kimfanye askari awe mwoga. Hoja ya fedha ina uzito zaidi, nakiri. Lakini gharama ya uzembe hulipwa na mtu tu, na kwa sasa anayelipa ni yatima.

Njia ya haki za binadamu imezaa matunda. Kati ya miaka ya 2003 na 2008 dereva wa teksi nyeusi jijini London, John Worboys, aliwalevya na kuwadhulumu wanawake wengi sana. Makadirio yanapita mia moja. Mmoja wao alikwenda polisi mwaka 2003, mwingine mwaka 2007; hakuna aliyechunguziwa inavyopasa, na huyo wa pili mtu alikamatwa kisha akaachiwa. Wakadai kwamba kutochunguza ni kuvunja haki yao ya kutotendewa unyama, iliyo katika kifungu cha 3 cha Mkataba wa Ulaya. Walishinda mwaka 2014, wakapewa pauni 22,250 na pauni 19,000, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi wao tarehe 21 Februari 2018. Kuanzia hapo ni wazi kwamba makosa ya askari mmoja mmoja katika upelelezi wa jinai nzito, yakiwa makubwa kweli, yanatosha. Si lazima kuonyesha kwamba mfumo mzima umeoza.

Hata katika uzembe ziko nafasi. Aliye mikononi mwa polisi ni amana yao. Mwaka 1999 Malodi walihukumu kwamba polisi wana deni kwa mahabusu wanayemjua kuwa anaweza kujiua, ingawa katika kesi ile fidia ilipunguzwa nusu. Pia polisi wakijitwika mzigo wa mtu, kwa kumwahidi jambo naye akategemea ahadi hiyo akaacha kujisaidia mwenyewe, deni linaweza kuzaliwa. Na wakiifanya hatari iwe kubwa kuliko walivyoikuta, vilevile. Kipimo hiki cha mwisho ni kigumu. Mwezi wa Machi 2014 dereva mmoja aliteleza kwenye barafu, akanusurika, akawaonya polisi kuhusu barafu ile. Walikuja, wakaweka kibao cha kuwataka madereva wapunguze mwendo, wakasafisha barabara, wakaking'oa kibao, wakaondoka. Muda mfupi baadaye mtu mwingine alikufa pale pale. Tarehe 23 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ilisema polisi hawadaiwi, kwa kuwa waliiacha barabara kama walivyoikuta.

Ipo pia njia ya jinai, ambayo watu huisahau. Usiku mmoja wa mwaka 1977 konstebo mwenye sare alisimama kiasi cha yadi 30 kutoka klabu ya usiku, mtu akapigwa mateke na mlinzi wa mlango mpaka akafa. Konstebo hakuingilia, hakuita msaada. Ghasia zilipotulia akasema muda wake wa kazi umekwisha, akaondoka. Alitiwa hatiani kwa kuvunja wajibu wa cheo chake kwa makusudi, na Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hatia hiyo mwaka 1979. Faini ilikuwa pauni 150.

Walio Marekani wajue kwamba huko mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura saba dhidi ya mbili, ilimnyima haki mama wa Colorado ambaye mwaka 1999 aliwabembeleza polisi kwa saa nyingi wautekeleze mkataza wa mahakama dhidi ya mumewe, na watoto wake watatu wa kike wakauawa. Afrika, kinyume cha tunavyozoea kudhani, imetangulia. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifungua mlango mwaka 2001. Na Kenya, tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walioshindwa kuchunguza kesi za watoto wa kike waliobakwa wameivunja Katiba ya 2010, ikawaamuru wazichunguze.

Turudi kwenye kipimo cha Osman, maana ndani yake mna kazi yetu sisi. Mahakama itauliza polisi walijua nini, na nani aliyewaambia. Familia iliyovunjiwa dirisha mara tano ikaripoti mara moja, kwa mahakama imevunjiwa mara moja. Kwa hiyo kila tukio liripotiwe, hata lile linaloonekana dogo, na namba yake iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na jina au namba ya askari. Ujumbe wa vitisho usifutwe kwa hasira. Anayejulikana atajwe kwa jina na anakoishi. Najua aibu zetu katika mambo ya nyumbani, lakini hatari isiyo na jina haipimiki. Na kama mtu amesema ataua, lisemwe neno la kuua, polepole, na lirudiwe, na mpokea simu aombwe alisome alivyoliandika. Asiyejiamini kwa Kiingereza ataje jina la lugha yake. Polisi hutumia wakalimani wa simu. Anayepiga 999 kwa simu ya mkononi na hawezi kusema kwa kuwa mtishaji yu karibu, asikilize sauti iliyorekodiwa na abonyeze 55, ndipo atakapounganishwa na polisi. Hata hivyo 55 haiwaonyeshi polisi mahali alipo, kwa hiyo ajitahidi japo kukohoa au kugonga simu anapoulizwa.

Baada ya tukio, malalamiko hupelekwa kwa jeshi la polisi lenyewe, au kwa ofisi huru inayojulikana kwa herufi IOPC, iliyoanza kazi Januari 2018. Malalamiko si kesi na hayaleti fidia ya mahakama, lakini huzifanya karatasi na kanda zitoke kabatini. Dai la majeraha kwa uzembe lina muda wa miaka mitatu. Dai la haki za binadamu lina mwaka mmoja tu, usipokuwa jaji ameona ni haki kuuongeza. Na mwaka huo huhesabiwa tangu siku ya kosa lenyewe, si tangu siku barua ya majibu ya malalamiko ilipofika mlangoni. Uchunguzi wa malalamiko unaweza kupita muda huo, kwa hiyo wakili aonwe mapema, barua ingali inasubiriwa.